Nyanya Lazima Afike Mwenyewe

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayeendelea kuwa na nyanya bila idhini ya serikali.

Maneno hayo niliyaandika mimi mwenyewe, Silvesta, Katibu Msaidizi wa Kituo cha Uhakiki wa Nasaba Ughaibuni, tawi la Doha, mwaka 2013. Tuliyabandika kwenye mlango wa ofisi yetu kule Najma, ghorofa ya juu ya duka la chai ya karaki. Mkurugenzi wetu, Daktari Levis, aliyasoma akatikisa kichwa, akasema yana uzito. Nilifurahi hata chakula cha mchana kikanishinda.

Kabla yetu mambo yalikuwa ovyo sana. Mkenya angezaa mtoto Doha, akampa jina, akapanda naye ndege, akafika nyumbani na kusema, "Huyu ni wetu," na watu wakamwamini hivi hivi. Hakuna kamati, hakuna muhuri. Daktari Levis alipofikishiwa habari hizo inasemekana alishika kichwa kwa mikono miwili. Ndipo akatunga kanuni.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, hata asiyesoma ataielewa. Mtu aliyezaliwa nje ya nchi, na mzazi wake naye akawa alizaliwa nje, ataingia katika uraia kwa mlango wa babu au nyanya aliyezaliwa ndani. Babu au nyanya huyo lazima afike mwenyewe mbele ya kamati, amtazame mjukuu usoni, na atamke kwa kinywa chake, "Huyu ni wangu." Marehemu hawakubaliwi, kwa kuwa hawajibu maswali. Wa kwenye simu za video hawakubaliwi pia. Tulimjaribu mmoja, picha ikakwama akiwa amefumba macho, na hatuwezi kumkabidhi mtu uraia kutoka kwa nyanya aliyelala.

Wazee wa upande wa mama walikuwa chini ya idara nyingine, ambayo bado haijaanzishwa. Niliwahi kupendekeza ianzishwe. Mkurugenzi alikataa, akasema tukianza kuwafuata kina mama hatutamaliza.

"Silvesta, nasaba si mchezo," alizoea kuniambia. "Mimi nilizaliwa London. Baba yangu alizaliwa Kampala, babu akiwa masomoni. Ukoo wetu haujawahi kuzaliwa ovyo ovyo."

Kila kikao alikifungua kwa maneno hayo, na mimi kila mara nilipiga makofi.

Kazi ilikwenda vizuri. Tangu tufungue mlango hatukuwa tumemthibitisha mtu hata mmoja, jambo lililoonyesha jinsi tulivyokuwa makini. Kisha ikaja barua pepe kutoka nyumbani: Mkaguzi angekuja kuona mafanikio yetu. Daktari Levis alifungua kabati, akafungua droo, akatazama chini ya meza. Mafanikio hayakuwepo.

Ni wakati huo ndipo alipotujia Milka.

Milka alikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja, mwanamke mwembamba mwenye haraka, aina ya mtu anayeanza kuongea akiwa bado kwenye ngazi. Mumewe, Mwaura, aliendesha basi la wafanyakazi wa ujenzi kwenda Lusail, siku zile Lusail ilipokuwa mchanga na mabango. Walikuwa na binti wa miaka minne, Wairimu, aliyezaliwa hapa hapa Doha. Mwaura naye alizaliwa Jinja, wazazi wake walipokuwa vibarua huko. Mfano safi kabisa wa kanuni yetu. Nilimkaribisha kiti.

"Bwana Katibu, siketi," akasema. "Mkataba wangu unaisha na kafili, mdhamini wangu, amekataa kuongeza. Mimi lazima nitoke nchi hii. Mtoto hana karatasi ya kutokea. Sasa nimwache na nani? Babake analala kambi ya wanaume kumi chumba kimoja!"

"Mlete nyanya yake," nikamwambia kwa upole.

"Cucu yuko Kinangop! Goti lake hata sokoni halimfikishi. Na paspoti hana."

"Aombe paspoti."

"Aliomba. Wakamwambia alete mwaliko kutoka kwa mjukuu ambaye ni raia."

Niliguswa. Ofisi mbili, moja Kinangop na nyingine Doha, hazijawahi kuonana, na bado zinaelewana namna hiyo. Nilimweleza Milka uzuri wa jambo hilo. Akashuka ngazi bila kuaga.

Ijumaa iliyofuata, watu walipokuwa wakirudi kutoka makanisani kule Mesaimeer, mlango ulifunguliwa akaingia Mwaura. Alikuwa amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Mkononi amemshika msichana mdogo wa gauni jeupe na soksi zenye vishada. Milka alikuwa nyuma yao.

"Wakubwa," Mwaura akasema, "nimemleta."

"Umemleta nani?" Daktari Levis akauliza.

"Nyanya. Amefika mwenyewe." Akainama kwa yule mtoto. "Maitu, salimia wazee."

Maitu ni mama yangu, kwa lugha yao. Mtoto akatupa mkono mmoja mmoja, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuheshimiwa.

"Bwana Mwaura," Mkurugenzi akasema, "huyu ni binti yako."

"Ndiyo. Na ni mama yangu. Kwetu msichana wa kwanza ni mama ya babake. Si kwamba amepewa jina lake tu, hapana. Ni yeye. Mama alinizaa mimi, mimi nikamzaa yeye, tukawa sawa. Mkubwa, tangu azaliwe sijamchapa hata kofi. Utamchapaje mamako?"

"Na mimi," Milka akadakia, "kila jioni namwogesha mama mkwe. Akinirushia maji machoni nasema asante."

Daktari Levis aliniangalia. Kazi ya Katibu Msaidizi ni kuangalia kanuni, nami nikaiangalia. Ilisema nyanya awe hai. Ilisema awe na akili timamu. Ilisema afike kwa miguu yake. Kuhusu nyanya kuwa mzee, Mkurugenzi hakuwa ameandika neno.

"Tumpigie yule wa Kinangop," akasema, akitafuta pa kushika.

Mwaura akapiga, akaweka simu mezani tusikie wote. Sauti ikaja, kavu na yenye nguvu.

"Mama, hii ni ofisi ya serikali, Doha," Mkurugenzi akasema. "Tunakuhitaji ufike hapa mwenyewe."

"Nifike wapi?"

"Doha."

"Na niko huko."

"Mama, wewe uko Kinangop."

"Wa Kinangop ni mimi mkongwe. Mimi wa miguu mizuri niko hapo mbele yenu. Leo nimevaa nini?"

"Gauni jeupe," nikamjibu.

"Na soksi za vishada?"

"Naam."

"Basi ni mimi. Mnanitafutia ndege ya nini na nilishafika? Hebu mwachilieni Milka akapike, mtoto wa watu." Akakata.

Mkaguzi alikuwa njiani na kabati letu lilikuwa tupu. Daktari Levis alivuta pumzi, akafunga kifungo cha koti, akaanza mahojiano.

"Jina lako?"

"Wairimu."

"Una mtoto?"

Mtoto akamwonyesha Mwaura kwa kidole. "Huyu. Anaendesha basi kubwa."

"Una mjukuu?"

"Ndiyo."

"Ni nani?"

"Ni mimi," akasema, akicheka kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Na huyo mjukuu, unamtambua kuwa ni wako?"

Mtoto akajitazama soksi, gauni, vidole. "Wangu," akasema.

Muhuri ukagonga. Siku hiyo Wairimu akawa raia kwa kurithi kutoka kwa nyanya yake, yaani yeye. Sijawahi kuona nasaba fupi namna hiyo wala iliyo safi zaidi. Hati yake ya kusafiria ikaandaliwa, ikatiwa sahihi. Milka akanyoosha mikono yote miwili kuipokea, machozi yakimtoka kwa furaha.

Daktari Levis akaitia kwenye droo, akageuza ufunguo.

"Bado," akasema.

Kwa mtu wa kawaida hili litaonekana ni ukatili. Kwa sisi wa utawala lilikuwa ni maono. Mkurugenzi alikuwa ametambua kwamba sasa Kituo kilikuwa na nyanya mmoja aliyethibitishwa, wa pekee katika Ghuba nzima, na kwamba nyanya huyo akipanda ndege tutabaki hatuna hata mmoja. Kabla jua halijatua alikuwa ametunga kanuni mpya. Wairimu akateuliwa kuwa Nyanya wa Marejeo. Mtu yeyote asiyeweza kumleta nyanya yake angesimama mbele ya Nyanya wa Marejeo, na akisema "wangu", basi mtu huyo ni wetu. Akisema "si wangu", imekwisha. Rufaa haitasikilizwa na yeyote ila na Nyanya mwenyewe. Sahihi: Daktari Levis.

Tukamtafutia kiti na kigoda cha kuwekea miguu ili isining'inie sana.

Ijumaa zilizofuata foleni ilishuka ngazi ikafika kwenye duka la karaki, na mwenye duka akawa anatuombea dua. Walikuja walinzi, wauguzi, wapishi, watu wa kompyuta. Nyanya hakumkataa mtu. Kiprop, mlinzi wa jumba moja la maduka, mrefu mpaka anainama mlangoni, alipiga magoti ili aonekane vizuri.

"Wangu," Nyanya akasema, "lakini anyoe."

Kiprop akatoka ameshika mashavu yake, analia kama mtu aliyeponywa. Mimi mwenyewe nilipanga foleni, kwa sababu za kikazi tu. Nyanya aliniangalia, akanusa.

"Huyu wangu. Ananuka sigara."

Niliacha sigara siku hiyo hiyo, hadi jioni.

Takwimu zetu zilipanda. Daktari Levis akaanza kutembea polepole zaidi, na picha yake mpya ikawekwa ukutani karibu na ya zamani. Na kila Ijumaa, foleni ikiisha, Milka alipanda ngazi.

"Mkurugenzi, naomba hati ya mtoto."

"Mama, hebu nikueleweshe tena. Nyanya ni rasilimali ya taifa. Rasilimali haisafirishwi kiholela."

"Ni mtoto wangu!"

"Ni mama mkwe wako, kwa maelezo yako mwenyewe. Iko kwenye kumbukumbu."

Mara ya mwisho hakubisha. Alitoka, akaketi kwenye ngazi na kufunika uso kwa mtandio. Mkataba wake ulikuwa unaisha wiki hiyo. Hoteli ilishampa tikiti, ya mtu mmoja. Nilisimama mlangoni nikiwa na kikombe cha chai, nikaona mabega yake yakitikisika. Nilijisikia vibaya sana, lakini hisia hizo hazikuwa katika majukumu yangu, kwa hiyo nikanywa chai.

Mtoto alishuka kwenye kiti chake, akanipita, akaenda kukaa karibu naye.

"Mama, nani amekuliza?"

Milka aligeuza kichwa akautazama mlango wa Mkurugenzi, na mtoto akaugeukia mlango ule ule, akautazama kwa muda mrefu.

Siku mbili baadaye akafika Mkaguzi. Jina lake Jebet, mwanamke mfupi wa raba nyeupe na mkoba mkubwa, asiyependa hotuba. Tulikuwa tumemwandalia tatu. Aliomba chai, akaketi, akasoma kanuni zetu ukurasa baada ya ukurasa huku Daktari Levis akimzunguka. Nyanya wa Marejeo alikuwa kitini pake, amesukwa nywele upya. Milka alisimama kando ya mlango akiwa na begi lililofungwa. Ndege yake ilikuwa usiku huo.

"Kama unavyoona, madam," Mkurugenzi akasema, "nasaba si mchezo. Mimi nilizaliwa London. Baba yangu alizaliwa Kampala, babu akiwa masomoni. Ukoo wetu haujawahi kuzaliwa ovyo ovyo."

Nikapiga makofi. Mkaguzi akaweka kikombe chini.

"Ulizaliwa London?"

"Naam."

"Na baba yako Kampala?"

"Naam, madam."

"Wewe nje, mzazi nje." Akarudisha ukurasa nyuma kwa kidole. "Basi kanuni hii inakuhusu. Babu yako yuko wapi?"

"Madam, kanuni hiyo ni ya... ni ya wananchi. Babu alifariki."

"Marehemu hawajibu maswali," nikasema, ili kumsaidia.

"Nyanya?"

"Naye pia, madam."

"Na upande wa mama?"

"Idara haijaanzishwa," nikasema tena. Daktari Levis akanitupia jicho ambalo mpaka leo sijalielewa, kwa maana nilikuwa nanukuu maneno yake.

Kisha Mkurugenzi akatabasamu. Tatizo liko wapi, akasema. Si tuna Nyanya wa Marejeo? Hajawahi kumkataa mtu. Hata Silvesta alikubaliwa.

Akachukua biskuti ya chokoleti kutoka kwenye sahani ya Mkaguzi, akaenda mbele ya kile kiti, na kwa kuwa mtoto alikuwa chini na yeye ni mtu mrefu, ikambidi apige magoti. Suruali yake ilikuwa ya rangi ya maziwa. Nilimhurumia.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba," akasema mtoto, akaipokea biskuti, akaing'ata.

"Mimi ni mjukuu wako. Sivyo, nyanya?"

Mtoto alitafuna. Alimtazama paji la uso, akamtazama tai, akamtazama mikono. Kisha akamtazama Milka pale mlangoni na begi lake. Alimeza kwanza, kama alivyofunzwa.

"Si wangu," akasema.

"Angalia vizuri, nyanya!"

"Wewe ndiye unamliza mama. Si wangu. Khalas."

Biskuti alibaki nayo.

Daktari Levis aliinuka haraka, magoti yana vumbi. "Madam, huyu ni mtoto! Mtoto hajui anachosema!"

"Mtoto gani?" Mkaguzi akauliza. Alikuwa ameshika karatasi karibu na macho. "Hapa pameandikwa nyanya. Mwenye akili timamu. Hii si sahihi yako?"

Ilikuwa sahihi yake. Ilikuwa nzuri pia, yenye mkia.

Mkaguzi Jebet hakupandisha sauti. Alisema mtu ambaye uraia wake haujathibitishwa hawezi kushika funguo za serikali, akanyoosha mkono, funguo zikatua humo. Akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa ninanuka sigara lakini nimethibitishwa. Nikafungua droo. Nikatoa hati ya Wairimu nikampa Milka, na kwa agizo la Mkaguzi nikaiweka paspoti ya Daktari Levis mahali pale pale ilipokuwa hati hiyo, ili droo isikae bure.

Milka aliishika ile hati akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Nilitazamia hotuba, au angalau matusi. Alifuta tu chokoleti kwenye mdomo wa mtoto kwa kidole gumba.

"Twende nyumbani, mama mkwe," akasema.

Mwaura aliwafikisha uwanja wa ndege kwa basi la Lusail, wafanyakazi wote wakiwa ndani. Inasemekana waliimba.

Sasa mimi ndimi Kaimu Mkurugenzi. Nimepanga upya picha za ukutani. Daktari Levis anakuja kila Ijumaa, anaketi kwenye benchi la waombaji karibu na mlango, na kwa kuwa ni mtu msomi anaelewa kwa nini hatuwezi kumsaidia. Kituo hakina nyanya. Mwezi uliopita alikumbuka kifungu cha rufaa, alichokiandika yeye mwenyewe, kwamba rufaa itasikilizwa na Nyanya. Nikamwambia ana haki hiyo. Tukapiga simu Kinangop, nikaiweka mezani tusikie sote.

"Cucu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ni mimi, Daktari Levis wa Doha."

"Wa biskuti?"

"Ndiye. Cucu, wewe ni mtu mzima, unaelewa mambo. Naomba unisikilize upya. Useme tu kwamba mimi ni wako."

Kulikuwa na kuku wakilia kule, na mtoto akiwafukuza huku anacheka.

"Mwanangu," akasema Cucu, "nilishakukataa nikiwa huko. Mimi si mtu wa maneno mawili."

Simu ikakatika. Niliandika kwamba rufaa imesikilizwa na Nyanya yule yule, na uamuzi umebaki. Kisha nikamshauri Daktari, kwa nia njema kabisa, ajaribu upande wa mama, mara tu idara yake itakapoanzishwa.

Akaniuliza itaanzishwa lini.

Nikamwambia maswali ya namna hiyo yanajibiwa na idara yenyewe, na nikamwomba asogee kidogo kwenye benchi, apishe watu.